Figo za Mtoto Baada ya Homa
Pale Kaliua, ambapo reli ya Mpanda huachana na ile iendayo Kigoma, mama ambaye mwanawe mchanga amepona maambukizi ya njia ya mkojo aghalabu hustaajabu aambiwapo ampeleke Tabora, hospitali ya Kitete, akapimwe figo, ilhali homa imekwisha na mtoto anacheza. Sababu ni nzito: baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu irudishayo mkojo kutoka kibofuni hadi kwenye figo, na maambukizi yakijirudia huweza kuacha makovu yasiyofutika. Kipimo chenyewe ni altrasaundi, nayo haina mionzi wala maumivu. Tumbo hupakwa jeli ya baridi, mtoto akipakatwa na mamaye. Mwongozo wa Uingereza huagiza walio chini ya miezi 6 wapimwe ndani ya wiki 6 tangu maambukizi hayo. Mzazi uliyeandikiwa kipimo hiki, tafadhali usingoje homa ya pili.