Tembe, msonge na nyumba za mawe: mvua na joto vilivyounda makazi nchini

Umbo la nyumba ya asili nchini Tanzania hutegemea kwanza mvua ya mahali. Dodoma, ambako kwa kawaida mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, Wagogo walijenga tembe, nyumba fupi yenye paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti na fito. Paa hilo lisingedumu Bukoba, kwenye mvua nyingi za Ziwa Victoria. Huko Wahaya walijenga msonge, nyumba ya duara ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, maji yakateleza bila kugusa ukuta.

Udongo wa tembe hupokea joto la jua polepole mchana na kulitoa usiku, baridi ya uwanda wa kati inapoingia. Ufupi wake huikinga na upepo mkavu.

Pwani tatizo ni jingine: unyevu hauondoki, hivyo hewa lazima itembee. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto, nazo nyumba zilizosongamana hutiliana kivuli vichochoroni. Ua wa ndani hutoa njia ya hewa ya moto kupanda, na madirisha ya juu hupokea upepo wa kaskazi na wa kusi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu rahisi: boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka nafasi kubwa.

Chokaa ndiyo siri ya kuta hizo, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Huruhusu unyevu uliopanda kutoka ardhini kutoka nje tena. Ukuta huohuo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chokaa ya zamani hulegea na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza, huku kwa nje nyumba ikionekana mpya. Kwa mji uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ambako watu wangali wanaishi chini ya boriti hizo, kosa hilo ni la hatari.

Bara, bati limechukua nafasi ya udongo, na si haki kumlaumu aliyelichagua. Paa la tembe huvuja mvua ikizidi, hushambuliwa na mchwa na hudai kukarabatiwa mara kwa mara. Bati hudumu na huvuna maji. Lakini huwaka mchana na kupoa upesi usiku. Dari chini ya bati, matundu ya hewa juu ya kuta na upenu mpana upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri, hupunguza adha hiyo, hasa vikipangwa kabla ya msingi kuchimbwa.