Mtunguja hautibu 'mdudu wa jino'

Kutoka Mukuru kwa Njenga swali linanijia kila mara: je, moshi wa mbegu za mtunguja hufukuza wadudu wa jino? Wapo wanaoapa kwamba wamewaona, weupe, wakielea kwenye bakuli la maji.

Kitu walikiona kweli. Mdudu hakuwa.

Mtunguja, yaani mutongu kwa Wakikuyu na ochok kwa Wajaluo, ni kichaka cha kienyeji kinachopenda ardhi iliyovurugwa: kando ya reli, ukingo wa mto, viwanja vilivyobomolewa. Una miiba, majani ya kijivu yenye vinyweleo, maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano, na matunda ya kijani yanayogeuka manjano yakiiva. Ni ndugu wa biringanya.

Sasa ipasue mbegu yake. Ndani umejikunja mche mchanga, mweupe, mwembamba kama uzi. Joto na unyevu vikilipasua ganda, uzi huo huchomoza. Uangushe majini, maji yakitikisika nao unatikisika, na mgonjwa aliyejaa machozi ya moshi ataapa kwamba ni funza. Hila hii ni kongwe. Ulaya waliifanya kwa mbegu za mmea mwingine wa jamii hiyohiyo, hadi Mjerumani Jacob Christian Schäffer alipoifichua kwa maandishi mwaka 1757. Tangu hapo ni zaidi ya miaka 260, na bado mtu anatozwa pesa kuonyeshwa mbegu!

Jino hutobolewa na asidi ya bakteria wanaokula sukari. Neva ikifa, maumivu hukoma yenyewe. Tapeli husifiwa huku usaha ukishuka kwenye taya.

Wengine huuza maji ya tunda la mtunguja kama dawa ya saratani. Tunda lina solamajini na solasonini, kemikali zinazonasa kolesteroli kwenye utando wa seli na kuutoboa. Ndiyo maana huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara. Lakini tumbo lako nalo ni seli: anayekunywa hutapika, huhara, husinzia.

Jino likiuma, sukutua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kisha nenda kwa daktari wa meno. Uso ukivimba, nenda leo hii. Mtoto akila tunda, msimtapishe. Mpelekeni hospitali, na tunda lenyewe mlibebe.