Tokeni Zinaisha na Nyumba Bado ni Baridi? Anza na Mianya

Kama unaishi Limuru, Kinangop, Molo ama Nyahururu, hakuna haja tukueleze Julai ni nini. Ukungu uko mlangoni, bati linadondosha maji, na watoto hawataki kutoka kwa blanketi. Jioni unawasha hita ya umeme. Wiki haijaisha, mita inalia, na uko kwa simu tena ukinunua tokeni.

Kabla ununue zingine, tupige hesabu. Hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa tatu kila jioni, hizo ni yuniti 6 kwa siku na 180 kwa mwezi. Na kumbuka, matumizi yako yakizidi wastani wa yuniti 100 kwa mwezi, unaingia daraja la bei ya juu zaidi kwa kila yuniti. Fungua jumbe za tokeni kwa simu yako, ujumlishe yuniti ulizonunua mwezi wa Machi, halafu za Julai. Tofauti hiyo ndiyo bei ya baridi yako.

Mara nyingi shida si hita, ni nyumba. Nyumba nyingi za zamani huku juu ni za mbao ama mawe, zimeezekwa mabati, na hazina dari, ile tunaita silingi. Hewa moto hupanda. Ikifika kwa bati inapoa, na nyingine inatorokea pale ukuta unapokutana na paa. Unalipia joto la nje!

Anza na ya bei rahisi:

Mlango. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze nguo kuukuu, uuweke chini ya mlango usiku.

Dirisha. Badilisha kioo kilichopasuka na uzibe kingo kwa puti. Funga pazia nzito kabla jua halijazama.

Kitanda. Kuchemsha lita 2 za maji kwa birika la umeme hutumia kama yuniti 0.2. Saa moja ya hita ingechemsha birika hilo mara kumi hivi. Jaza chupa ya mpira ya maji moto, ifunge vizuri, izungushie taulo na uiweke kitandani dakika chache kabla ya kulala.

Dari. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inasaidia zaidi. Si lazima nyumba yote. Anza na chumba wanacholala watoto. Pima, uliza bei, kisha weka akiba kwa simu. Shilingi 50 kwa siku, baada ya siku 120, ni 6,000. Ukianza Januari, Mei fundi anaweza kuingia kazini.

Sasa hili lisome mara mbili. Usilale na jiko la makaa ndani. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala na haamki. Na kadiri unavyoziba mianya, ndivyo hatari inavyoongezeka. Ukipika na jiko, acha dirisha wazi, na ulitoe nje kabla ya kulala. Mkianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu ama kichefuchefu jiko likiwaka, tokeni nje wote mara moja, kisha muende hospitali.

Siku ya kumleta fundi, lipia mbao na misumari moja kwa moja dukani kwa simu badala ya kumpa fundi pesa zote. Angalia jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na usifute ujumbe wa malipo; ndio risiti yako. Pesa ya ufundi ilipe kidogo kidogo kazi ikiendelea.

Mwaka ujao, Julai ikifika, fungua tena zile jumbe za tokeni. Zitakuambia kama dari imefanya kazi.