Kengele Isiyonyamaza: Draiva Ikitolewa Nje ya Kiini

Julai 19, 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilizimika kwa skrini ya bluu. Safari za ndege zikafutwa, hospitali zikaahirisha miadi. Draiva ya usalama ya CrowdStrike ilikuwa imesoma vibaya faili la usasishaji, na kwa kuwa draiva hiyo huishi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ilianguka na mashine nzima. Msomaji ameuliza: kwa nini draiva zisitolewe nje, ziwe programu kama nyingine, ikifa moja iwashwe upya?

Zinatolewa. MINIX 3, mfumo endeshi wa Andrew Tanenbaum uliotoka Amsterdam mwaka 2005, uliweka draiva zake nje ya kiini tangu mwanzo. Linux nayo ilikubali mwaka 2007 kupitia UIO, njia yake ya kuendesha draiva nje ya kiini. Sehemu kubwa ya draiva huhama bila taabu. Kinachosumbua ni katizo, yaani ile ishara ya umeme ambayo kadi ya mtandao, kwa mfano, huishtua nayo prosesa, ikaacha kila kitu na kuingia kwenye kiini. Nitazungumzia aina moja tu, ile ambayo waya hubaki umewashwa mpaka kifaa chenyewe kihudumiwe. Utamu wote umo humo.

Chukua jengo la ghorofa lenye kengele getini na sheria moja: maadamu kengele inalia, mlinzi asitoke getini. Mgeni amebonyeza, na hatoi kidole mpaka shida yake iishe. Zamani mlinzi aliijua shida hiyo na kuimaliza palepale. Sasa kazi amepewa fundi aliye ghorofa ya tatu. Mlinzi anakanyaga ngazi ya kwanza kwenda kumwita. Kengele bado inalia, sheria inamrudisha. Anajaribu tena, anarudishwa tena. Fundi hafikiwi, na bila fundi kidole hakitoki. Kompyuta ikifika hapo huganda kabisa. Linux imejiwekea kinga: katika makatizo 100,000, yakizidi 99,900 yaliyokosa wa kuyahudumia, huufunga waya huo.

Dawa ni mlinzi kuchomoa waya wa kengele kwanza, ndipo apande. Fundi anashuka, anamhudumia mgeni, kidole kinatoka, kisha fundi ndiye anayesema: rudisha waya. Ukirudishwa kabla kidole hakijatoka, vurugu inaanza upya. Kiini cha seL4 hufanya hivyo hasa: hufunga katizo, huipa draiva taarifa, na hakifungui mpaka draiva ikiri kwamba imemaliza.

Lakini wageni wawili wakitumia waya mmoja, tuseme kadi ya mtandao na diski, kuuchomoa kunamnyamazisha na asiyehusika. Hapa ndipo toleo la 2.3 la PCI, kiwango cha kuunganisha vifaa kwenye kompyuta, linaponifurahisha. Kila kifaa cha toleo hilo kina biti ya 10 katika rejista yake ya amri. Kiini kikiiwasha, kifaa kinaacha kuuvuta waya. Biti nyingine, kwenye rejista ya hali, inaonyesha nani alikuwa akiita. Biti hizo zimewekwa mahali palepale kwa vifaa vyote, viwe vya sauti au vya mtandao. Kwa hiyo mlinzi anaweza kumtoa kidole mgeni mmoja tu, bila kujua hata chembe ya shida iliyomleta! Kiini hakina haja ya kukielewa kifaa. Kinahitaji tu kujua namna ya kukinyamazisha na nani wa kumwamsha.

Gharama zipo: muda kidogo unapotea njiani, na kifaa kinachojiandikia kwenye kumbukumbu chenyewe kinahitaji kizuizi cha IOMMU kisivuke mipaka, kizuizi ambacho Linux ilianza kukitumia kwa draiva za nje kupitia VFIO mwaka 2012.

Upande wa draiva, ukitumia ile UIO ya Linux, mambo ni mepesi ajabu. Inafungua faili /dev/uio0 na kusoma. Usomaji unalala hapo, hautumii prosesa, mpaka katizo litokee. Kisha unarudisha baiti 4 tu, ambazo ni hesabu ya makatizo yote hadi wakati huo. Kama katizo la kifaa halikufungwa na draiva iliyosoma 41 sasa inapata 44, inajua imeamshwa mara moja kwa makatizo matatu, hivyo inakagua foleni ya kifaa mpaka mwisho. Kwa vifaa vinavyoruhusu, kuandika 0 kwenye faili hilohilo kunafunga katizo, na 1 kunalifungua.