Unene wa Kupindukia kwa Wafanyakazi wa Vyuo Vikuu

Unene wa kupindukia ni hali ya mwili kulimbikiza mafuta hadi afya ikawa hatarini. Ili kuutambua, uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu uleule. Likifika 30, mtu amevuka mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mwenye mita 1.65 hufika hapo akiwa na kilo 82 hivi. Hesabu hiyo haitofautishi misuli na mafuta, hivyo kiuno nacho hupimwa: kikizidi sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huwa kubwa.

Kazi nyingi za chuoni, ukiondoa kama za mlinzi wa doria na mtunza bustani, ni kazi za kukaa. Mhadhiri husahihisha mitihani akiwa ameketi, ofisa utawala hushinda mbele ya kompyuta, na mwendo wa kutoka getini hadi ofisini humalizwa na bodaboda. Chai ya saa nne huja na chapati au sambusa, na gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 dhidi ya 4 za wanga. Kisha kuna vikao, navyo vyuoni havikosekani, vyenye soda na vitafunwa vinavyoliwa bila njaa. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi. Mtu wa kilo 80 huunguza nishati yake kwa kutembea haraka karibu nusu saa. Urithi na umri huchangia, na usingizi haba wa msimu wa mitihani huzidisha hamu ya kula. Kitambi nacho bado husifiwa kuwa dalili ya cheo, sifa inayochelewesha wengi kwenda kupima.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo. Sahani ndiyo huamua zaidi. Hata hivyo dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki hulinda moyo, hata mizani isiposogea. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 82, hutosha kushusha shinikizo la damu na sukari. Anayefika 35 katika ile hesabu ya uzito na urefu akiwa tayari na kisukari anahitaji daktari, si mlo wa kujitungia.

Mwajiri naye ana sehemu yake, na hatua iliyo rahisi kuliko zote ni kubadili oda ya vikao: maji na matunda badala ya soda na sambusa.