Je, Wajua? Kidonda Mpanda, Mtaalamu Dar

Je, wajua kwamba aliyeumia uti wa mgongo anaweza kupata kidonda kikafika mfupani bila yeye kusikia maumivu? Ngozi ikigandamizwa muda mrefu makalioni, nyongani au visiginoni, hukosa damu ikafa. Kuanzia mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Dkt. Ludwig Guttmann alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Nyumbani Mpanda, zamu hiyo ya usiku huwa ya mama, mke au kaka.

Taasisi ya Mifupa MOI, waliko wataalamu, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mpanda, na kukaa kwenye basi muda wote huo kwenyewe hukichochea kidonda. Ndiyo faida ya tiba mtandao: mtaalamu hutumiwa picha ya kidonda, mgonjwa akabaki nyumbani. Picha ipigwe mchana, rula ikiwa kando ya kidonda.

Kamera, hata hivyo, hudanganya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri. Mkono ndio hugundua joto au ugumu. Harufu nayo lazima isimuliwe. Na picha ya makalio ya mtu si ya kutumwa kwenye kundi la ukoo la simu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Aliyeumia shingoni au kifuani juu akiumwa kichwa ghafla huku uso ukitoka jasho, huenda kidonda kimepandisha presha. Hapo msisubiri ujumbe ujibiwe. Mkalisheni wima, mumuwahishe hospitali.