Utii na Uaminifu: Maelezo juu ya Maneno Mawili kwa Mfano wa Kisa cha Nahodha Jellico

Maneno mawili, utii na uaminifu, hutumiwa mara nyingi na wasemaji na waandishi wetu kana kwamba ni pacha wasioachana. Husemwa kwamba mtumishi fulani ni mtiifu na mwaminifu, na msikilizaji huyapokea maneno hayo kama sifa moja iliyotajwa mara mbili kwa ajili ya kutia mkazo. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno haya hayana asili moja, hayanyambuliki kwa namna moja, wala hayaelezi tendo moja la moyo. Na kwamba mtu asiyeyatenga hataweza kukielewa barabara kisa cha watu waliopewa mkubwa mpya hali mioyo yao ingali kwa mkubwa wa zamani.

Mfano tutakaoutumia umetoka katika mchezo wa televisheni wa Marekani. Nimeuchagua kwa sababu moja. Watazamaji wake hubishana kama nahodha mpya alikuwa na haki au msaidizi wake ndiye aliyekuwa na haki, na kwa maoni yangu ubishi huo haukatiki kwa kuwa pande zote mbili hutumia neno moja kwa mambo mawili.

I. Kisa chenyewe

Mfululizo wa michezo uitwao Star Trek: The Next Generation ulionyeshwa tangu mwaka 1987 hata 1994. Mwezi wa Desemba 1992 kilitolewa kisa cha sehemu mbili kiitwacho Chain of Command, maana yake Mnyororo wa Amri. Merikebu inayosimuliwa, Enterprise, husafiri baina ya nyota. Lakini waliotunga michezo hiyo waliipa desturi za merikebu ya vita ya baharini, yaani vyeo, zamu, na sherehe ya kukabidhiana unahodha. Kwa hiyo msamiati wetu wa baharini watutosha, wala hatuna haja ya kuunda maneno mapya. Neno nahodha lenyewe tulilipata kwa Waajemi, na katika lugha yao lilikuwa na maana ya bwana wa merikebu.

Nahodha Jean-Luc Picard anaondolewa ghafula katika merikebu yake na kutumwa kwa siri pamoja na wenzake wawili kwenda kutafuta silaha za maangamizi za Wakadasia, taifa ambalo Shirikisho lilikuwa limepigana nalo zamani na sasa linaelekea kupigana nalo tena. Mahali pake anawekwa Nahodha Edward Jellico, kwa kuwa huyu amekwisha kufanya mashauri na Wakadasia na anazijua tabia zao. Sherehe ya makabidhiano inafanywa kwa ukamilifu, jambo lisilo la kawaida kwa nahodha anayetarajiwa kurudi baada ya siku chache. Na watu wa merikebu wanaielewa ishara hiyo. Jellico naye hamfichi Picard kwamba yamkini hatarudi.

Amri zinaanza tangu saa ya kwanza. Zamu zilizokuwa tatu ziwe nne. Theluthi moja ya mafundi wa injini wahamishiwe ulinzi, na hali kazi za injini zenyewe zimeongezwa. Mshauri wa merikebu, Deanna Troi, avae sare rasmi badala ya nguo zake za kila siku. Hata samaki wa Picard anaondolewa katika chumba cha nahodha. Msaidizi wa nahodha, William Riker, anapoagizwa kuzigeuza zamu, anakwenda kwanza kuzungumza na wakuu wa idara. Nao wanamwambia kwamba mageuzi hayo yataleta taabu. Jellico anapouliza kama amri yake imetimizwa, anakuta bado. Kutoka hapo wawili hao hawasikilizani tena.

Ugomvi mkubwa unatokea baadaye. Picard ametekwa, kwani habari ya zile silaha ilikuwa mtego. Riker anadai Shirikisho likiri kwamba Picard alikwenda kwa amri yake, ili mateka huyo apate haki za askari aliyeshikwa vitani. Jellico anakataa, kwa kuwa kukiri ni kumpa adui silaha katika mashauri. Riker anapinga mbele ya wenzake, naye anavuliwa madaraka. Nafasi yake inapewa Data, afisa aliyeundwa kwa mashine, ambaye hana moyo wa kugawanyika.

II. Kusikia na kutii

Tuanze na utii. Kitenzi tii tumekichukua kwa Waarabu, na katika Kiarabu shina lake hutumika pia kwa jambo lifanywalo kwa hiari. Lakini kabla ya neno hilo kuja, na hata baada ya kuja, Waswahili walikuwa na kitenzi chao wenyewe cha jambo hilo, nacho ni sikia. Mzazi akisema kwamba mtoto wake hasikii, hana maana kwamba mtoto ni kiziwi. Yafaa kujua kwamba Kilatini nacho kilifanya vivyo hivyo: kitenzi chake cha kutii kilijengwa juu ya kitenzi cha kusikia. Lugha mbili zisizo na udugu zimefika mahali pamoja, na hiyo ni dalili kwamba jambo lenyewe ndilo lililoziongoza. Utii ni kazi ya sikio: amri imetoka, imesikiwa, imetendwa.

Tukikipima kisa chetu kwa kipimo hiki, mambo ya siku za kwanza hayana ugumu. Amri ya zamu nne ilikuwa halali. Haikumdhulumu mtu wala haikuvunja sheria, ilichosha tu. Mkubwa aweza kuambiwa kwamba amri yake ina taabu, lakini aliyeagizwa kutenda hana ruhusa ya kuikalisha amri hata aulizwe. Hapa Riker alikosa, na watazamaji wanaomtetea Jellico wana haki kamili. Adui yu karibu, na merikebu haiwezi kungoja kila idara iridhike.

Lakini kutoka katika sikia tulinyambua neno jingine, nalo ni sikiliza. Kusikia kwaweza kutokea bila kukusudia; kusikiliza ni kutega sikio kwa makusudi. Desturi yetu inamtaka mdogo asikie, na inamtaka mkubwa asikilize. Kwa Jellico nusu ya kwanza ilikuwapo na nusu ya pili ilipungua. Troi alipomwendea kumweleza kwamba watu wana manung'uniko, yeye alimkabidhi shughuli hiyo ya manung'uniko aishughulikie mwenyewe, kisha akaendelea na kazi yake. Picard alipomwomba, kabla ya kuondoka, ampe Riker nafasi ya kujionyesha, alijibu kwamba hana wakati. Labda kweli hakuwa nao. Hata hivyo, nahodha asiyesikiliza hupata utii tu, na utii peke yake ni chakula kisicho na chumvi: hushibisha, lakini hakuna anayeomba aongezwe.

III. Amana na ndugu zake

Neno uaminifu ni la ukoo mwingine. Shina lake la Kiarabu lina herufi tatu, alifu, mimu na nuni, na katika Kiswahili limezaa jamaa kubwa: amini, imani, amani, amana, muamana, mwaminifu. Katika jamaa hii neno linalotufaa zaidi ni amana. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine, naye hukitunza na kukirudisha. Mwaminifu, kwa hiyo, ni mtu ambaye kitu chaweza kuwekwa kwake. Neno la Kiingereza ambalo wafasiri wetu hulitia kama uaminifu lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, na huko asili yake ni jambo la sheria. Kwao mtu huyo alianza kwa kushika sheria. Kwetu alianza kwa kushika amana.

Mnyambuliko wa vitenzi unathibitisha tofauti hii. Katika kauli ya kutendesha, tii hutoa tiisha, na kila mtu ajua kwamba kutiisha ni kushinda na kuweka chini ya mkono: nchi hutiishwa, mnyama mkali hutiishwa. Amini hutoa aminisha, yaani kumfanya mtu asadiki, au kumwekea kitu kwa kumtumaini. Na hapo mkono hauonekani. Katika kauli ya kutendana, aminiana ni neno la kila siku, lakini tiiana si tamko tulilolizoea. Sababu yake si ngumu. Utii hupanda kutoka chini kwenda juu tu, hali uaminifu hupanda na kushuka.

Sasa ugomvi wa pili waweza kutazamwa kwa macho mengine. Riker alipodai Picard akubaliwe kuwa alitumwa, hakuwa akikalisha amri yoyote. Alikuwa akisema kwamba uaminifu unashuka pia: aliyemtuma mtu kwa siri amechukua roho ya mtu huyo kuwa amana, na amana haikanwi kwa sababu imekuwa ghali. Kwa upande wake Jellico aliona amana nyingine, nayo ni maelfu ya watu katika nchi za mpakani ambao wangeangamia kama mashauri yangeshindwa. Wote wawili walikuwa waaminifu, nao walipishana juu ya amana ipi itangulie. Jellico alikosa pale alipoujibu uaminifu kwa hukumu ya utii, akamvua mtu madaraka kwa neno ambalo lilistahili kujibiwa. Riker naye alikwisha kuiharibu kesi yake tangu mapema. Kwa kuwa alikuwa mzito katika jambo dogo la zamu, katika jambo kubwa alionekana mkaidi yule yule.

Methali yasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa kawaida twaielewa kuwa ni juu ya watu wengi wanaoamuru kwa pamoja. Lakini katika Enterprise aliyeamuru alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa kifungoni, mbali sana, naye alishika usukani katika mioyo ya watu. Chombo chaweza kwenda mrama kwa nahodha asiyekuwamo.

IV. Chumba cha taa nne

Watu wengi huiona habari ya mateso ya Picard kama kisa kingine kilichoshonewa hiki. Kwa maoni yangu ni kisa hicho hicho kilichofikishwa mwisho wake. Gul Madred, mtesaji wa Kikadasia, anamwonyesha mateka taa nne na kumtaka akiri kwamba ni tano. Habari za vita anazozitafuta zinageuka kuwa jambo la pembeni. Anachokitaka hasa ni mtu atamke asichokiona. Hii ndiyo maana kamili ya tiisha: sikio limekwisha kutekwa, sasa latafutwa jicho.

Picard anakataa mpaka mwisho, naye anapoachiliwa anatamka kwa sauti kubwa kwamba taa ni nne. Hata hivyo, baada ya kurudi anamwungamia Troi kwamba mwishoni aliamini kwamba anaziona tano. Ungamo hili lazuia wepesi wa hoja yetu. Tulisema kwamba mtu hutiishwa, lakini kuamini hakulazimishwi. Kisa chajibu kwamba maumivu yakizidi, hata mpaka huo huweza kuvukwa. Basi mtu mwenye amri ana sababu ya kuogopa. Jellico si Madred, na kuwalinganisha wawili hao kwa tabia ni kumdhulumu nahodha mtu wa haki. Lakini kila anayedai kwa amri kile kinachotolewa kwa hiari amekwisha kuikanyaga njia ile, hata akisimama mwanzoni mwake.

V. Mwisho wa mambo

Ni nini basi kilichowaponya? Wakadasia walikuwa wamejificha ndani ya wingu la gesi, na ilihitajika mashua ndogo iende ikatege mabomu katika merikebu zao. Kazi ilitaka rubani hodari kupita wote, na Geordi La Forge, mkuu wa mafundi, alimwambia Jellico kweli: rubani huyo ni Riker. Jellico alikwenda chumbani kwa mtu aliyemvua madaraka. Hapo waliviweka vyeo kando, na kila mmoja akamweleza mwenzake jinsi asivyompenda. Kisha Riker alitaka aombwe, asiamriwe; na Jellico aliomba.

Msomaji aangalie kwamba hawakupatana wala hawakupendana. Kilichobadilika ni kitenzi: mahali pa amuru pamekuja omba, na kwa neno hilo moja Riker alitoa kile ambacho zamu nne hazikuweza kukitoa. Mabomu yalitegwa, Wakadasia walisalimu amri, na Picard akarudishwa. Jellico alimkabidhi merikebu yake, akisema kwamba yu aiachavyo kama alivyoipokea, pengine bora kidogo. Hapo yule aliyeingia kama mwenye milki alitoka kama mtunza amana.

Nawasihi wafasiri na walimu wa lugha wasiyachanganye maneno haya mawili. Inapotakiwa kueleza kwamba watu walitenda walivyoagizwa, waandike utii. Inapotakiwa kueleza kwamba walikuwa tayari kuhatarisha roho zao kwa ajili ya mtu au jambo lililowekwa mikononi mwao, waandike uaminifu. Palipo na mkubwa mpya, katika merikebu, katika shule au katika ofisi, la kwanza laweza kupatikana siku ile ile kwa tangazo. La pili huwekwa na watu wenyewe, kama amana, kwa mtu waliyekwisha kumpima.